Tyubu Mpya

Kinu cha mama nimekipindua uani,
nimekisukuma chini ya tumbo la honda
mpaka gurudumu la nyuma likaning'inia, halina la kufanya.
"Nakitaka kabla ya magharibi," asema, "nna kisamvu."
Sijamjibu. Nati ya ekseli ina kutu ya masika matatu,
na spana namba kumi na tisa yanizungusha mimi.

Shaame yupo kibarazani, kidole kwenye simu:
"Si umpelekee Kombo pale Mtambile? Elfu tatu, dakika kumi."
Elfu tatu ninayo.
Lakini kesho alfajiri nna kisanduku cha chanjo cha kufikisha Kiwani,
na pale kati, penye kokoto na mikarafuu,
hakuna Kombo.

Basi nikakanyaga ukingo wa tairi kwa visigino,
nikaruka, nikaruka tena,
hata mpira ukaachia chuma, fwap!
kuku wakatawanyika.

Baba hakuwa akiruka. Baba alikaa,
gurudumu mapajani, povu la sabuni ya mche hadi viwikoni,
na vyuma vyake viwili bapa alivyovifua kwa springi ya lori.
Alilibembeleza: "Njoo, bibi, njoo,
usinitie aibu mbele ya wageni."
Wageni ni mimi, miaka tisa, nimeshika kurunzi.

Chuma cha kwanza nikakipenyeza, nikakikalia.
Cha pili kikaniponyoka, kikanigonga gotini,
nikasema neno ambalo mama alijifanya hakulisikia.
Cha tatu sina. Nilitumia mpini wa upawa.
(Mama, ule ufa haukuwa wa panya.)

Kisha tyubu ikatoka, taratibu, kama utumbo wa mbuzi wa Idi,
nyeusi, inanuka mvua za zamani.
Nikaitandaza jamvini.
Kiraka cha kwanza duara, kingo zimesuguliwa kwa msasa.
Cha pili kimekilalia cha kwanza, gamba juu ya gamba.
Chengine chekundu, cha mpira wa baiskeli.
Viwili vimebanana mabega.
Kimoja kando ya vali, pale ambapo fundi yeyote hukwambia: tupa.
Na kimoja kidogo, kama kucha.

Mwaka ule alirudi kutoka Chake, akatwambia
"Nimeitia tyubu mpya. Haina kiraka hata kimoja."
Nami nilikuwa na viatu vipya vya skuli,
vya ngozi, vya kamba, vinalia kwenye sakafu ya darasa.
Nikapanda nyuma, shavu mgongoni pake,
tukauteremka mlima wa Mkoani mbio mbio
juu ya viraka saba,
na upepo ukakaa ndani.

"Mama, alisema mpya."
Mama achambua majani, hainui kichwa.
"Alisema mengi."
Halafu, baadaye kidogo:
"Vile viatu vilikuwa elfu kumi na mbili."

Ya leo ni mpya kweli, ina unga mweupe kama andazi.
Nikaipa pumzi kidogo isijikunje,
vali nikaitafutia tundu kwa kidole, bila kuona.
Tairi likaingia. Nikapiga kofi.
Ndipo nikauona mshale ubavuni: unatazama nyuma.

Nikavua upya. Shaame alicheka hadi simu ikamwanguka.
Mara hii chuma kikaing'ata tyubu,
na katika beseni la maji vipovu viwili vikapanda
karibu karibu, kama macho ya kaa.

Msasa. Solusheni. Nikasubiri ikauke, isinate kidole.
Kiraka nilikikata kwenye tyubu ya baba,
pahala palipokuwa pazima bado,
nikakiviringa pembe zote, kwani kiraka chenye pembe hubanduka.

Adhana ilinikuta juu ya pampu, mguu wa kulia umekufa ganzi.
"Imekwisha hiyo mpya?" Shaame aliuliza.
"Imekwisha. Haina kiraka hata kimoja."

Kinu nikakisugua kwa majivu na ndimu.
Mama akakinusa kitako,
akaguna,
akatwanga.